Jikoni Goma: Kupika kwa Kilichopo

Kulisha familia kwa kilichopo ni kazi yenye kanuni. Mpishi wa Goma hapangi kwanza aina ya chakula halafu akatafuta mahitaji yake. Huanza na hali ya siku hiyo: watakula watu wangapi, kuna pesa kiasi gani, makala (makaa ya kupikia) yamebaki mangapi, maji yapo au yanapaswa kununuliwa, na soko limeleta nini. Chakula cha jioni hutokana na majibu hayo. Mtu wa mbali anaweza kudhani ni bahati nasibu, lakini kwa anayepika ni maarifa ya kujua kipi kinaweza kushika nafasi ya kipi, kwa muda gani, kwa moto wa aina gani, na ni wapi ambapo njia ya mkato huleta madhara.

Mji unaonunua kwa siku

Goma, mji mkuu wa jimbo la Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, iko ukingoni mwa Ziwa Kivu, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, chini ya volkano ya Nyiragongo yenye urefu wa mita 3,470. Sehemu kubwa ya mji imejengwa juu ya lava iliyoganda. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani ikaharibu maduka na nyumba, na tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena. Juu ya mawe meusi ya namna hiyo ni vigumu kulima. Baadhi ya familia hujaza udongo kwenye magunia na kuotesha lengalenga (mchicha) na vitunguu vya majani uani, lakini chakula kingi lazima kitoke nje ya mji.

Viazi mviringo, kabichi na karoti hutoka Kibumba na vilima vya Masisi. Maharagi na mahindi hutoka Rutshuru. Ndizi na mihogo hutoka Minova na vijiji vya Kalehe, na sehemu yake hushushwa kwa boti kwenye soko la Kituku. Mananasi hutoka kisiwa cha Idjwi. Nyanya na unga huvuka kutoka Rwanda kwenye mpaka wa Petite Barrière, vikibebwa kichwani na mgongoni na wanawake wanaovuka kila siku, na unga wa Uganda huingia kupitia Bunagana. Mafuta ya mawese hutoka kwenye misitu ya chini, upande wa Walikale. Bidhaa hizi hukutana katika soko la Virunga, Birere na masoko madogo ya mitaa.

Kila mojawapo ya njia hizo imewahi kukatika. Mapema mwaka 2024 mapigano ya karibu na mji wa Sake yaliziba barabara ya Minova, na mizigo pamoja na abiria vikahamia ziwani. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo boti iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na Kituku, na watu wengi wakafa. Tarehe 27 Januari 2025 wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliingia mjini. Mabenki na uwanja wa ndege vilifungwa, na pesa taslimu zikawa adimu. Barabara inapofungwa, bei ya maharagi au ya makala huweza kubadilika kati ya asubuhi na jioni. Ndiyo maana mpishi hawezi kutegemea mpango wa wiki.

Familia nyingi hula kutokana na kipato cha siku, na hununua kwa vipimo vya siku: nyanya kwa fungu, unga kwa kopo, mafuta katika kifuko kidogo, chumvi kwa vijiko. Kipimo kidogo kina hasara yake, kwa sababu jumla ya vifuko vingi vya mafuta huzidi bei ya bidoni (dumu) nzima. Wanawake hupambana na hasara hiyo kwa likelemba, chama cha kuchanga kwa zamu, ambacho humpa kila mwanachama fedha za mkupuo kwa wakati wake. Mwenye zamu akinunua gunia la maharagi baada ya mavuno ya Januari au ya Juni na Julai, wakati bei imeshuka, anakuwa amejipatia msingi wa chakula cha wiki kadhaa.

Nafasi nne za sahani

Chakula cha nyumbani cha Goma kina muundo usiobadilika sana. Nafasi ya kwanza ni ya kitu cha kushibisha: bugali (ugali), viazi, ndizi, mihogo au wali. Ya pili ni ya maharagi au mboga za majani, zinazoipa sahani mchuzi na sehemu kubwa ya virutubisho. Ya tatu ni ya kitoweo kidogo chenye ladha kali: sambaza, ndagala (dagaa), samaki wa chumvi anayeitwa makayabu, au karanga za kusaga. Ya nne ni ya mafuta, kitunguu, nyanya na pilipili.

Ubunifu hufanyika ndani ya nafasi hizi. Bugali ukikosekana, viazi vitamu vinashika nafasi yake. Maharagi yakipanda bei, yanapunguzwa na kabichi inaongezwa. Samaki akikosekana, karanga zinatosha. Kinachojitahidiwa ni kutoiacha nafasi wazi kabisa, hasa ya pili, maana bugali mtupu hujaza tumbo kwa saa chache bila kuujenga mwili.

Nafasi hizo zinaweza pia kuunganishwa katika sufuria moja. Ndizi mbichi zilizomenywa huwekwa kwenye maharagi yaliyokaribia kuiva, au viazi mviringo hupikwa pamoja na lengalenga na nyanya. Majirani wote wa ukanda huu wanaijua njia hiyo: Waganda wana katogo, Wakenya wana githeri, Watanzania wana makande. Faida yake mjini Goma ni kubwa zaidi, kwani sufuria moja maana yake ni moto mmoja, na moto ni ghali.

Cha kushibisha

Bugali wa Goma hupikwa kwa unga wa muhogo, wa mahindi, au mchanganyiko wa yote mawili. Unga wa muhogo hufanya bugali unaovutika na kushikamana, na unga wa mahindi huongeza protini ambayo muhogo karibu hauna. Mpishi huchanganya kulingana na bei ya siku, na familia iliyozoea mchanganyiko huo haioni ajabu kiwango kikibadilika. Unga wa mtama nao huingizwa, ingawa hubadilisha rangi na kuongeza uchungu kidogo.

Viazi mviringo vina sifa nyingine: huiva kwa muda mfupi kuliko maharagi, na vikichemshwa na maganda yake havipotezi virutubisho vingi. Viazi vitamu na mahindi mabichi vinaweza kuchomwa kwenye majivu ya moto uliopikia kitu kingine, bila kuongeza hata kipande cha makala. Wali unaiva haraka lakini hununuliwa kwa bei ya juu, kwa hiyo katika nyumba nyingi huwekwa kwa siku za wageni au Jumapili.

Muhogo unahitaji tahadhari ya pekee. Mihogo michungu ina kemikali zinazotoa saianidi, sumu ambayo huondolewa kwa kuloweka mizizi siku tatu hivi hadi ilainike, kisha kuianika na kuisaga. Wakati wa njaa, vita au ukame, watu hushawishika kufupisha siku za kuloweka. Matokeo yake yanaweza kuwa konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na kumwacha mgonjwa na ulemavu wa kudumu. Daktari Giovanni Trolli aliueleza mwaka 1938, baada ya kuonekana katika eneo la Kwango, magharibi mwa Kongo. Huwapata hasa wanaokula mihogo isiyolowekwa vya kutosha huku wakikosa protini. Kwa sababu hiyo siku za kuloweka hazipaswi kupunguzwa kwa hali yoyote.

Maharagi, moto na mwinuko

Maharagi ndiyo nguzo ya chakula cha Kivu. Yana protini nyingi, yana madini ya chuma, huhifadhika miezi mingi, na sufuria moja hulisha watu wengi. Protini yake hukamilishana na ya mahindi: kila kimoja kina kwa wingi sehemu ambayo mwenzake ana kidogo. Kwa hiyo bugali wa mahindi na maharagi unampa mtoto anayekua zaidi ya kile ambacho angepata kwa kimoja peke yake.

Ugumu wa maharagi ni muda. Kwenye usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 100, lakini hewa hupungua uzito kadiri mtu anavyopanda, na katika mwinuko wa Goma maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Tofauti hiyo ndogo huongeza sana muda wa kuivisha maharagi. Maharagi makavu yasiyolowekwa yanaweza kukaa motoni saa tatu au zaidi, na makala ya saa tatu huweza kugharimu karibu sawa na maharagi yenyewe.

Njia za kupunguza muda huo zinajulikana na zinafanya kazi. Ya kwanza huanzia sokoni. Maharagi ya mavuno mapya huiva haraka kuliko yaliyokaa ghalani kwenye joto na unyevu, kwa sababu ganda la zamani hukataa maji. Anayechanganya mapya na ya zamani hupata sufuria ambayo nusu imepondeka na nusu bado ni ngumu. Ya pili ni kuloweka usiku kucha na kumwaga maji yale, jambo linalopunguza pia gesi tumboni. Ya tatu ni kufunika sufuria na kupunguza moto mara tu inapochemka: maji yanayotokota kwa nguvu hayana joto zaidi ya yanayochemka taratibu, hivyo makala ya ziada hupotea kama mvuke. Ya nne ni kuongeza maji ya moto badala ya baridi yanapokauka. Ya tano ni kusubiri kuweka nyanya au ndimu hadi maharagi yalainike, kwa sababu uchachu huimarisha ganda na kuchelewesha kuiva.

Wako wanaotia magadi au baikaboneti. Hulainisha haraka kweli, ila huharibu vitamini B1 na kubadilisha ladha, kwa hiyo kiasi kidogo kinatosha. Njia nyingine, inayojulikana sehemu nyingi za Afrika Mashariki, ni kuyachemsha maharagi yaliyolowekwa, kisha kuiondoa sufuria motoni ikiwa imefunikwa na kuizungushia mablanketi au kuiweka katika kapu lililojazwa majani makavu. Joto lililomo huendelea kuivisha kwa saa kadhaa. Sharti ni kwamba kwanza yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi, maana maharagi mekundu mabichi yana lektini, sumu inayosababisha kutapika na kuharisha, na joto la uvuguvugu haliiondoi.

Kuna pia ufundi wa kuyafanya machache yatoshe. Mpishi huchota vijiko vichache vya maharagi yaliyoiva, akayaponda, akayarudisha kwenye sufuria. Mchuzi hunenepa na kushikamana na bugali, na kila mtu hupata maharagi katika kila tonge hata kama ni kikombe kimoja kilichopikwa kwa watu wanane. Kabichi iliyokatwa nyembamba, karoti au bilinganya huongeza wingi bila kuongeza sana gharama.

Sombe na mboga nyingine za majani

Sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa, ni mboga inayopendwa Kongo nzima, na katika miji mingine huitwa pondu. Majani hayo yakikaushwa huwa na protini ya kati ya asilimia 20 na 30, kiwango cha juu sana kwa mboga ya majani. Kwa familia isiyonunua nyama, hilo ni jambo kubwa.

Majani ya muhogo yana saianidi kama mizizi yake, na mapishi ya asili ndiyo yanayoiondoa. Kutwanga huvunja chembe za jani na kuachilia kimeng'enya kinachoigeuza kemikali kuwa gesi, na kuchemsha kwa muda mrefu huifukuza gesi hiyo. Ndiyo maana sombe hutwangwa hadi iwe laini, huchemshwa bila kifuniko hasa mwanzoni, na hukaa motoni saa moja au zaidi. Kinachoweza kubadilishwa ni kinachoongezwa baadaye: vitunguu vya majani, bilinganya, pilipili hoho, mafuta ya mawese, karanga za kusaga, ndagala. Samaki na karanga pia huupa mwili protini zenye salfa, ambayo mwili huitumia kuiondoa saianidi iliyobaki. Wazee waliozoea kutia ndagala katika sombe walikuwa wanalinda afya pamoja na kuongeza ladha.

Makala yakiwa machache, sombe huahirishwa na nafasi yake huchukuliwa na majani yanayoiva haraka. Lengalenga inahitaji dakika chache tu. Matembele, yaani majani ya viazi vitamu, na majani ya maboga nayo huiva upesi, ingawa ya maboga yanahitaji kuondolewa nyuzi zake. Majani machanga ya mimea ya maharagi huliwa vijijini na hufika sokoni msimu wake. Kabichi ndiyo kimbilio la kila mtu: inakaa siku nyingi bila jokofu, na kichwa kimoja hugawanywa kwa siku mbili.

Mboga laini hupikwa mwishoni, sufuria ya bugali ikiwa tayari imetoka motoni, kwa sababu kuzichemsha muda mrefu na kumwaga maji yake hupoteza vitamini C. Vitamini hiyo ina kazi maalumu katika mlo wa maharagi, kwani husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Nyanya mbichi iliyokatwa au ndimu iliyokamuliwa wakati wa kula hufanya kazi hiyo. Chai nzito inayonywewa pamoja na chakula hufanya kinyume, kwa hiyo inafaa isubiri.

Sambaza na vitoweo vidogo

Sambaza wa Ziwa Kivu ni mgeni aliyegeuka mwenyeji. Samaki huyu mdogo, kwa jina la kisayansi Limnothrissa miodon, aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu Kivu haikuwa na samaki wa kuvuliwa kwa wingi katika maji yake ya wazi. Wavuvi hufunga mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, huwasha taa usiku, na kuinua wavu samaki wanapokusanyika kwenye mwanga. Mwezi unapokuwa mpevu, taa hazivuti samaki kama kawaida, mavuno hupungua na bei hupanda. Mpishi mwenye uzoefu hukumbuka mwezi anapopanga kitoweo.

Sambaza mbichi hukaangwa au hupikwa kwa nyanya na kuliwa mzima, kichwa na mifupa, na hivyo kuleta kalisi. Aliyekaushwa huchukua nafasi ya ndagala. Kiasi kinachotoshea kiganja hakiwezi kuwagawia watu wanane samaki mmoja mmoja kwa haki, lakini kikikaangwa kikavu na kutwangwa kuwa unga, ladha na lishe yake huenea katika sombe au maharagi yote. Makayabu hulowekwa kwanza ili chumvi itoke, na vipande vyake vichache hutosha kukoleza kabichi nzima. Kipande cha kiungo cha Maggi huleta harufu ya nyama pasipo nyama. Ni chumvi zaidi kuliko chakula, kwa hiyo anayekitia hupunguza chumvi nyingine.

Vilima vya Masisi hutoa maziwa na jibini maarufu ambayo mji wote unaijua. Siku za kipato kizuri, kipande cha jibini au kikombe cha maziwa ya mgando pamoja na viazi huwa mlo kamili. Parachichi, linalopatikana kwa wingi msimu wake, hushika nafasi ya mafuta na ya kitoweo kwa pamoja: likipondwa na chumvi na ndimu linatosha kuteremshia viazi au bugali bila kuwasha moto wa pili.

Kuhusu mafuta, ya mawese yana karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A inayolinda macho na kinga ya mtoto. Rangi yake nyekundu ndiyo karotini yenyewe. Yakiunguzwa hadi yageuke meupe, faida hiyo huondoka. Ni bora yatiwe kwenye mchuzi au yapashwe kidogo tu kabla ya kitunguu.

Makala na maji

Nyumba nyingi za Goma hupika kwa makala kwenye babula, yaani jiko la makaa. Sehemu kubwa ya makala hayo imetoka katika misitu ya ndani na kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kongwe kuliko zote barani Afrika. Magunia hufika mjini kwa malori, pikipiki na tshukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili linalosukumwa kwa mguu. Majiko yaliyoboreshwa, kama Jiko Nguvu linalotengenezwa mjini humo, hushika joto vizuri na kutumia makala machache. Tangu mtambo wa umeme wa maji wa Matebe uanze kazi mwishoni mwa mwaka 2015, nyumba zilizounganishwa zinaweza pia kutumia sufuria ya umeme inayobana mvuke. Ndani ya sufuria hiyo maji hufika nyuzi zaidi ya 110, na tatizo la mwinuko huondoka.

Anayetumia babula hupanga vyakula kwa kufuata maisha ya moto. Moto mkali wa mwanzo huchemsha maharagi. Ukishatulia, maharagi huendelea taratibu. Yakiiva, makala machache huongezwa ili kupika bugali na kukaanga kitunguu. Makaa ya mwisho hupasha maji ya kuoga watoto au huchoma viazi vitamu vya kifungua kinywa. Usiku wa Goma ni wa baridi, na kuna wanaoingiza babula chumbani ili wapate joto. Gesi ya makala haina harufu na imeua familia zilizolala, kwa hiyo babula inapaswa kubaki nje hata kama makaa yanaonekana yamezimika.

Maji nayo hupimwa. Mawe ya lava hunyonya mvua, mjini hakuna mito, na mabomba hayafiki kila mtaa. Wengi huchota ziwani au hununua bidoni inayoletwa na tshukudu. Maji ya ziwa hubeba vijidudu vya kipindupindu, kwa hiyo hutiwa klorini au huchemshwa, na kwa mwinuko wa Goma dakika moja ya kuchemka sawasawa inatosha. Mvua inayopita katika moshi wa Nyiragongo huweza kushuka na floridi, ambayo haiondoki kwa kuchemsha. Maji ya paa hutumiwa kwanza kufulia na kuosha vyombo. Maji yaliyooshea mchele au mboga humwagiliwa kwenye magunia ya lengalenga.

Sahani ya mtoto

Tumbo la mtoto mdogo ni dogo, na haliwezi kusubiri mlo mmoja mkubwa wa jioni. Uji mwepesi humjaza maji bila kumlisha. Uji wa sosoma, yaani unga wa soya, mtama na mahindi, ukipikwa mzito kiasi cha kushika kijiko na kuongezwa unga wa ndagala, karanga au kijiko cha mawese, hugeuka kuwa chakula kamili cha asubuhi. Familia inayokula kwenye sinia moja inafaa kumtengea mtoto sahani yake, kwa sababu anayekula polepole huachwa nyuma na wakubwa, na mama hawezi kujua amekula kiasi gani.

Mabaki

Bila jokofu, chakula kilichobaki kina muda mfupi. Bugali wa jana hukatwa vipande na kukaangwa, au huchomwa juu ya makaa hadi upate ukoko. Maharagi yaliyobaki huchemshwa tena sawasawa asubuhi na kuliwa na viazi. Ndizi zilizoiva kupita kiasi hupondwa na kuchanganywa na unga wa ngano kutengeneza vitumbua. Wali unahitaji uangalifu zaidi. Ukikaa usiku kucha kwenye uvuguvugu, bakteria zinaweza kuota na kuacha sumu isiyoondoka hata ukipashwa moto, hivyo ni bora upikwe kiasi kinacholika siku hiyohiyo.

Mpaka wa ubunifu

Watafiti wa usalama wa chakula hupima njaa kwa kuuliza kaya ni mara ngapi katika siku saba zilizopita ilifanya mambo matano: kula chakula ambacho hukipendelea kidogo au cha bei nafuu, kukopa chakula au kuomba msaada kwa ndugu na marafiki, kupunguza ukubwa wa sahani, watu wazima kujinyima ili watoto wale, na kupunguza idadi ya milo. Mambo hayo yote yamefanyika Goma, wakati eneo hili lilipopokea wakimbizi karibu milioni moja waliotoka Rwanda mwaka 1994, katika familia zilizokimbilia Sake baada ya mlipuko wa 2021, na kwa waliopitia majira ya 2025 bila benki.

Maarifa ya jikoni yaliyoelezwa hapa yanaitumikia hatua ya kwanza katika hizo tano. Yanaweza kugeuza kabichi, kiganja cha ndagala na kikombe cha maharagi kuwa mlo wenye nguvu kwa watu wanane, na kuzuia familia isishuke hadi hatua ya pili. Hatua nne zilizobaki ni njaa, hata kama mpishi ni hodari. Tiba yake ni barabara ya Sake na ya Rutshuru iliyo wazi, boti salama Kituku, mpaka unaopitika, na kipato kinachomwezesha mwanamke wa Birere kununua gunia badala ya kopo. Hayo yakiwepo, ufundi uleule wa kupika kwa kilichopo utaendelea kutumika, ila mpishi atakuwa na vingi vya kuchagua.